Shati la Mwanzi na Jua la Septemba

BARZA YA MWALIMU



 Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya kuwafundisha watoto kusoma Kiswahili nyumbani, lakini tumeona tuyaahirishe. Msimu wa kuwinda unakaribia, vijana wetu wamekwisha kuanza kununua nguo na vifaa, na liko jambo ambalo tukilichelewesha hadi msimu upite halitakuwa na faida kwa mtu. Jambo lenyewe ni hizi nguo zinazoitwa nguo za mwanzi.

Wako watakaouliza: watu wa mwambao na uwindaji wa bunduki ni wapi na wapi? Swali hilo hata sisi tulijiuliza tulipofika hapa Texas. Lakini watoto wetu wamekulia hapa, wamesoma na wenyeji, na wenyeji wa huku wanapenda kuwinda kama sisi tulivyokuwa tukipenda kuvua. Aidha, wazazi kadhaa wanapenda mtoto ajue kwamba nyama haizaliwi ndani ya kisahani cha dukani. Ajifunze kumtaja Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, kumwahi mnyama akiwa bado yu hai na kumchinja, na kutopoteza kilichopatikana. Masuala ya fikihi ya mawindo tunamwachia sheikh wetu. Sisi leo tutazungumzia nguo na jua.

Msimu unaowavuta wengi ni ule wa ndege aina ya hua, ambaye Wamarekani wamempa jina la njiwa wa maombolezo kwa sababu ya mlio wake wa huzuni. Katika kanda ya kaskazini na ya kati ya Texas msimu huu hufunguliwa tarehe 1 Septemba. Kila mwindaji huruhusiwa ndege 15 kwa siku, na aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kwa kalenda ya shule, Septemba ni mwanzo wa majira ya kupukutika majani. Kwa jua la Texas, Septemba bado ni kiangazi, na nyuzi 35 kivulini si jambo la kushangaza.

Mwaka jana, siku ya kwanza ya msimu, baba mmoja katika jamaa zetu alitoka usiku na wanawe wawili na mpwa wake, wakaelekea magharibi mpaka kwenye shamba la alizeti walilokuwa wamelikodi kwa siku hiyo. Wakasali Alfajiri pembeni mwa shamba, kisha wakagawana pembe. Mwanawe mdogo, kijana wa miaka 17, alikuwa amevaa fulana mpya ya mikono mirefu, ya mabakamabaka, aliyopewa zawadi na shangazi yake. Kadi iliyoning'inia shingoni mwa fulana ile ilisema kwamba imefumwa kwa mwanzi, kwamba inaupoza mwili, inafukuza jasho na kuua vijidudu vya harufu. Kijana aliyaamini yote. Juu ya fulana akavaa kizibao kizito cha kuwekea risasi, na chupa yake ya maji akaiacha garini, kwa kuwa, kama alivyosema baadaye, shati lilikuwa la baridi.

Ilipofika saa tano na nusu baba yake alimwita, naye akajibu jambo asiloulizwa. Akamwita tena, akajibu kwa kukasirika, kisha akakaa chini juani na kukataa kunyanyuka. Uso ulikuwa mwekundu na ngozi ilikuwa moto kama chungu. Baba hakungoja. Akamvua kizibao, akamburura hadi kwenye kivuli cha gari, akamwagia maji ya barafu kutoka katika sanduku lililoandaliwa kwa ajili ya kuhifadhia ndege, huku mpwa wake akipiga simu 911. Barafu ya mawindo ikamfaa mtoto. Kijana alilala hospitali usiku mmoja na kurejea nyumbani salama, Alhamdulillahi.

Wiki iliyofuata baba yule alikuja kwetu na ile fulana ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuja kulalamika. Alisema: "Mwalimu, wewe ulisomesha kemia miaka mingi. Hebu niambie, hiki ni kitu gani?"

Tuliigeuza ndani nje. Kwenye mshono wa ubavuni palikuwa na lebo ndogo, ya maandishi ya kumtaabisha mtu wa umri wetu, nayo ilisema: rayoni iliyotokana na mwanzi, asilimia 95, spandeksi, asilimia 5. Kadi ya nje ilikuwa ikipiga kelele "mwanzi". Lebo ya ndani ilikuwa ikinong'ona "rayoni". Yote mawili yalihusu nguo ileile.

Sasa, rayoni ni nini? Mwaka 1892 wakemia watatu wa Kiingereza, Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle, walipata hataza ya njia ya kugeuza massa ya mti kuwa uzi. Massa hayo hulowekwa katika kostiki soda, ile dawa kali wanayoijua watengenezaji sabuni, kisha huchanganywa na kemikali iitwayo kaboni disulfidi mpaka yakawa kimiminiko kizito kama asali. Kimiminiko hicho ndicho kilichopewa jina la viskosi. Husukumwa kupitia vitundu vidogo sana na kuangukia katika tindikali, na humo hugandamana na kuwa nyuzi. Mti uweza kuwa msonobari, mkaratusi au mwanzi. Kinachotoka mwishoni ni selulosi tupu, na selulosi haikumbuki ilikotoka. Mfano wake ni sukari: yule aitiaye kikombeni hawezi kuonja kama imetokana na muwa wa Kilombero au na kiazi cha Ulaya.

Uzi huu ulipoanza kuuzwa uliitwa hariri bandia. Mwaka 1924 wafanyabiashara wa Marekani wakakubaliana kuuita rayoni. Katika miaka hii yetu umerudi madukani kwa jina la mwanzi. Majina yamekuwa yakibadilika, lakini njia ya kuutengeneza kwa sehemu kubwa ni ileile. Tena haifai tusahau kwamba kaboni disulfidi ni sumu ya mishipa ya fahamu, na wafanyakazi wengi wa viwanda vya zamani waliugua mwili na akili kwa kuivuta. Viwanda vilivyo bora huikusanya mvuke wake na kuitumia tena. Ipo pia njia nyingine, ya uzi uitwao layoseli, isiyotumia sumu hiyo, na layoseli yaweza vilevile kutengenezwa kwa mwanzi. Kuna hata kitambaa cha mwanzi halisi, kinachopatikana kwa kuuponda na kuuchana mwanzi kama inavyofanywa katani. Lakini hicho ni adimu, ni ghali, na kwa kukigusa ni kikavu kama kitani. Kwa hiyo fulana laini inayoteleza mkononi, ikiitwa ya mwanzi, karibu kila mara huwa ni rayoni.

Serikali ya hapa Marekani imelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu iliwashitaki wauzaji wanne kwa kuiita rayoni mwanzi na kudai kwamba inaua vijidudu. Mwaka 2010 ikaandika barua za onyo kwa makampuni 78. Mwaka 2013 maduka manne makubwa yakakubali kulipa jumla ya dola milioni 1.26, mwaka 2015 manne mengine yakakubali kulipa dola milioni 1.3, na mwaka 2022 mawili yaliyo miongoni mwa makubwa kabisa yakakubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5. Hoja ya Tume haikuwa kwamba nguo hizo ni mbovu. Hoja ilikuwa kwamba lebo lazima iseme "rayoni" au "viskosi", na ikitaka kuutaja mwanzi iseme kwamba uzi umetokana nao. Na kwamba hakuna uthibitisho kuwa sifa ya kuzuia vijidudu, ikiwa mwanzi unayo, inabaki baada ya kupitia kemikali zile.

Wazee wetu wa Unguja na mrima walizoea kununua kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya New England na kuletwa na majahazi ya Wamarekani, ambao walitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Wakakiita marikani. Jina hilo lilisema kweli: kitambaa kilitoka Marekani, basi. Halikuahidi kwamba mvaaji hatatoka jasho.

Tukiwa bado na fulana ile mezani, tulikumbuka kwamba katika jumuiya yetu yupo binti mmoja, mama wa watoto watatu, anayeuza fulana za namna hiyo kwenye meza yake nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Juu ya meza alikuwa ameweka karatasi: "Mwanzi halisi. Baridi wakati wa joto." Shangazi wa yule kijana alinunua kwake. Hatukupenda kumwendea mbele za watu, tukangoja hadi meza inakunjwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tunaomba tusome pamoja lebo ya ndani."

Aliisoma, akanyamaza. Kisha akasema: "Mimi niliambiwa mwanzi na mwenye ghala, nami nikaandika nilivyoambiwa. Sikukusudia kumdanganya mtu."

Tulimwambia kwamba hilo hatulitilii shaka hata kidogo, na kwamba ugonjwa wa kijana haukusababishwa na fulana peke yake. Tulimweleza haya yote tuliyokuelezeni, naye akasikiliza mpaka mwisho. Ijumaa iliyofuata karatasi ya mezani ilisema: "Rayoni iliyotokana na mwanzi. Laini, nzuri kwa wenye harara." Siku hiyo aliuza fulana mbili, na alikuwa amezoea kuuza sita au saba. Tunaliandika hili kwa idhini yake, kwa sababu tunataka wasomaji wajue kwamba kusema kweli kulimgharimu, na kwamba yatupasa sisi wanunuzi tumuunge mkono. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mara nyingine hata kizuri huhitaji jirani wa kukisemea.

Na kweli nguo hii ina uzuri wake. Tuzitaje sifa zake na ila zake, kila moja kwa haki.

Sifa ya kwanza ni ulaini. Haikwaruzi ngozi, na mwenye harara ya shingoni au kwapani hupata nafuu. Ya pili ni kunyonya unyevu. Vipimo vya kawaida vya wataalamu wa nyuzi huonyesha kwamba viskosi katika hewa ya wastani hushika unyevu wa kiasi cha asilimia 13 ya uzito wake mkavu, pamba kiasi cha 8.5, na poliesta chini ya nusu ya asilimia moja. Ndiyo maana mtu anayetoka jasho jepesi huhisi fulana ya mwanzi ni kavu na ya baridi, hali ya poliesta humwacha anateleza.

Lakini sifa hiyohiyo ndiyo ila yake mwindaji anapoloa. Jasho humpoza mtu linapokauka mwilini, si linapohifadhiwa ndani ya kitambaa. Tulifanya jaribio dogo barazani kwetu hapa Houston. Tulichukua fulana tatu za uzito uliokaribiana, ya poliesta, ya pamba na ya mwanzi, tukazilowesha, tukazikamua na kuzianika kivulini asubuhi moja. Poliesta ilikauka kwanza, kitambo kabla ya adhuhuri. Pamba ikafuata. Ya mwanzi ilikuwa ya mwisho, na tulipotoka kwenda kusali bado ilikuwa na unyevu mishononi. Magharibi mwa Texas, kwenye hewa kavu, unyevu huo huruka upesi na mvaaji hupata baridi nzuri. Huku pwani, kwenye hewa nzito kama ya Tanga mwezi wa Machi, fulana hujaa maji, hunata mgongoni na kuuzuia upepo.

Ila ya pili: rayoni ya kawaida ikiloa hupoteza nguvu zake nyingi, karibu nusu. Mashamba ya Texas yana miiba ya meskiti na ya dungusi kakati, na fulana iliyoloa jasho ikinaswa huchanika kwa urahisi. Ila ya tatu: kitambaa chembamba cha kufuma hakizuii jua kwa kuwa tu kimetokana na mwanzi. Ukitaka kinga ya jua, tazama kama lebo inataja kipimo cha UPF; UPF 50 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya 50 ya miale inayounguza hupenya. Ila ya nne ni ile ahadi ya harufu. Hua humtambua mwindaji kwa macho, kwa hiyo harufu ya shati si hoja kwake. Kulungu ndiye anayenusa, na kwake yeye linalomfaa mwindaji ni kukaa mahali upepo unapotoka kwa mnyama kuja kwake. Hakuna fulana inayoushinda upepo uliogeuka.

Wasomaji kadhaa wametuuliza: kitambaa hiki kinachoteleza kama hariri, je, mwanamume wa Kiislamu anaruhusiwa kukivaa? Hariri iliyokatazwa kwa wanaume ni ile itokanayo na mdudu wake. Uzi wa selulosi si hariri, hata kama wafanyabiashara wa zamani waliuita hariri bandia, na wanavyuoni walioulizwa juu ya hariri za viwandani wamejibu kwamba haziingii katika katazo hilo. Mwenye wasiwasi amwulize sheikh, naye amweleze uzi ni nini, asimtajie jina la dukani tu.

Basi mtu achague vipi? Tunapendekeza hivi.

Kwanza, igeuze nguo na usome lebo ya ndani kabla ya kusoma kadi ya nje. Kama zinapingana, iamini ya ndani. Kama ya ndani haipo, iache nguo dukani.

Pili, inyanyue mbele ya taa. Ukiuona mwanga waziwazi, jua nalo litapita.

Tatu, chukua iliyo pana kuliko ile unayovaa mjini. Nguo ya kubana, iwe ya uzi gani, haina nafasi ya upepo. Wazee wetu walilijua hili kwa kanzu, na wataalamu nao walilipima: mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi juu ya majoho ya Mabedui, ukaonyesha kwamba mvaaji wa joho jeusi na wa joho jeupe waliingiwa na joto sawa mwilini, kwa sababu joto la ziada la weusi liliondolewa na upepo uliopita chini ya joho pana. Kwa hiyo mwindaji asihofu sana rangi ya majani makavu, ahofu kubanwa.

Nne, kwa shambani penye miiba na jua kali, chagua shati pana la kitambaa cha kusokotwa, jepesi lakini gumu, la mikono mirefu na kola ya kufunika shingo. Fulana ya mwanzi iweke mkobani ikiwa kavu. Hapo ndipo mahali pake pazuri. Mawindo yana damu, na damu ikimwagikia nguo haisaliwi nayo. Ikifika adhuhuri, osha mikono na shingo, vua shati lenye jasho na damu, vaa fulana ile laini na safi, usali na kurudi nyumbani nayo. Kwa kazi hiyo hatujaona iliyo bora zaidi.

Tano, dawa ya permethrini ya kuzuia kupe na wadudu hupuliziwa kwenye nguo, haipakwi mwilini, na nguo iachwe ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa.

Sita, ifue fulana ya mwanzi kwa maji ya baridi na uianike. Mashine ya kukaushia yenye joto kali huifanya irudi, na mwenye miaka 17 akaipata ya mdogo wake.

Saba, usilipie jina. Ikiwa fulana mbili zina lebo ya ndani inayofanana, na moja ni ghali kwa sababu kadi yake ina picha ya majani ya mwanzi, umelipia picha.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, mtu akishika yote hayo saba bado anaweza kuanguka, kwa sababu nguo ni sehemu moja tu ya kinga. Hewa ikishafikia nyuzi 35 inakaribia joto la ngozi yenyewe, na hapo mwili haubakiwi na njia ya kujipoza isipokuwa jasho kukauka. Jasho hutaka maji. Kila mmoja abebe maji yake mwilini, si garini, na anywe kabla ya kuona kiu. Sheria inaruhusu kuwinda hua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi machweo, lakini si lazima kuutumia muda wote ulioruhusiwa. Sali Alfajiri, winda hadi saa nne, pumzika kivulini, urejee jioni ukipenda. Asiende mtu peke yake. Wazee wanaotumia vidonge vya kukojosha kwa ajili ya shinikizo la damu wamwulize daktari kwanza, kwa maana dawa hizo hupunguza maji mwilini.

Na dalili tuzijue. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu, akikazwa misuli na kutokwa jasho jingi, joto limeanza kumzidi: aondolewe juani, alegezwe nguo, apozwe na kunyweshwa maji kidogo kidogo. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kusema yasiyoeleweka, kuyumba au kuzirai, huyo amepigwa na joto na maisha yake yamo hatarini, hata kama bado anatoka jasho. Pigeni 911 papo hapo, na wakati mnangoja mmwagieni maji baridi mwili mzima, mumwekee barafu kwapani na shingoni, mumpepee. Asiyekuwa na fahamu sawasawa asinyweshwe kitu. Baba yule alifanya hivyo bila kusubiri gari la wagonjwa, nasi twaamini ndiyo sababu, kwa idhini ya Mungu, tunasimulia habari ya aliyepona.

Jambo la mwisho ni kwa wanaosafiri likizoni. Nguo za mabakamabaka ziacheni huku. Tanzania, Kenya na Uganda haziruhusu raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na askari wa uwanja wa ndege hatajali kwamba fulana ni ya kuwindia hua wala kwamba ni ya mwanzi.

Katika Surat an-Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu anatutajia mavazi ya kutukinga na joto miongoni mwa neema zake juu yetu. Neema hushukuriwa kwa kujulikana ilivyo. Anayeuza aiseme ilivyo, anayenunua aisome ilivyo, na anayevaa asiitwike kazi isiyoiweza.

Yule kijana atakwenda tena Septemba hii. Baba yake amempa sharti moja: chupa mbili za maji ziwe zimefungwa kiunoni kabla bunduki haijatoka garini. Fulana ile nayo itakuwa mkobani, kavu, ikingoja adhuhuri.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutarudi kwenye masomo ya Kiswahili ya watoto. Mpaka hapo tunawaaga.